Bumu langu limeingia kwenye kayaki

Wikiendi hii maktaba hamkuniona, nilikuwa Kigamboni kwa bro. Jamaa kajiundia kayaki ya plaiwudi, anataka kuvua kwa mshipi peke yake, achoke kugawana samaki na mwenye chombo. Mimi nimechangia kipande cha bumu, kwa hiyo nilienda kuona hela yangu inavyopakwa.

Plaiwudi ikinywa maji inaachia matabaka, kisha inaoza. Ndo maana inavikwa kitambaa cha faiba na kushibishwa epoksi. Tulisubiri jioni. Mbao ikiwa inazidi kupata joto, hewa iliyo ndani inatanuka na kutoa mapovu; ikianza kupoa, inavuta gundi ndani. Fizikia hiyo!

Kigumisho unapima kama kopo linavyosema. Ukizidisha hakikaushi haraka, kinaharibu tu. Na ukichanganya nyingi kwa pamoja, kopo linapata moto na gundi inaganda humohumo, kwa hiyo tulikoroga kidogokidogo. Kitambaa kikilowa vizuri kinapotea machoni, unaona mbao tu. Pakibaki peupe, hapajashiba.

Glavu lazima, na barakoa wakati wa kupiga msasa. Bado vanishi, maana epoksi inaliwa na jua.

Walimu wenzangu, gundi ile ni kama darasa la watoto 80: bila andalio la somo usiingie, haikusubiri utafute brashi.

Bro akileta changu wa kwanza, nitahesabu bumu limerudi. Je, la kwenu limeishia wapi?