Kulipima Jua

Kila mwaka mvua zinapochelewa, watu wa kijiji chetu husema, "Jua la siku hizi si lile la zamani, limezidi ukali." Neno hili nimelisikia barazani na sokoni, na wanafunzi wangu wameniuliza kama ni kweli. Naona haifai kumjibu mtoto kwa kubahatisha, iwapo kipimo kiko.

Labda mtu atasema, Themometa yatosha. La, haitoshi. Themometa iliyotundikwa ukutani hueleza joto la hewa, na joto hilo hutokana na mengi: upepo, mawingu, ardhi. Atakaye kulipima jua lenyewe hana budi kulitenga na hayo yote.

Mfaransa Claude Pouillet alifanya hivyo katika miaka ya 1837 na 1838. Alitwaa chombo bapa cha fedha, akakijaza maji, akatia themometa, na uso wake akaupaka masizi, kwa kuwa cheusi hunywa joto kuliko cheupe. Kwanza alikikinga na jua dakika 5, aone maji yapoteza joto kiasi gani. Kisha akakielekeza juani dakika 5. Kisha akakikinga tena dakika 5. Kilichopotea akakiongeza juu ya kilichopatikana. Chombo hicho akakiita piriheliometa, kwa maneno ya Kiyunani ya moto, jua na kipimo.

Mwaka 1893 Knut Ångström wa Uswidi alieleza njia nyingine. Alikuwa na vipande viwili vyembamba vya madini, vyeusi, vilivyo sawa. Kimoja alikianika juani; cha pili alikifunika, akakipasha moto kwa umeme hata vikalingana. Umeme wajulikana kupimwa. Basi kwa huo akalijua na jua. Ndiyo mizani ya sokoni: bidhaa upande huu, jiwe la ratili upande wa pili.

Vyombo vya leo vina mwanzi mwembamba unaolifuata jua tangu macheo hata machweo, ili nuru ya kando isiingie. Tena huko Davos, Uswisi, vyombo vya mataifa hulinganishwa kila baada ya miaka 5.

Hesabu ni hii: juu ya anga, mita mraba moja inayolielekea jua hupokea kama wati 1361. Pouillet, kwa maji yake, alikadiria kama 1228. Na tangu mwisho wa miaka ya 1970 setilaiti zimelipima jua huko juu: hupanda na kushuka kwa muda wa miaka kama 11, na tofauti yake ni kama sehemu moja katika elfu tu.

Basi jua halijazidi. Walakini wazee hawakusema uongo: joto limezidi kweli, kwa kuwa hewa ya kaboni, itokayo katika makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa duniani, hulizuia joto lisitoke upesi. Ngozi zao zilisikia sawasawa. Bali aliyeshitakiwa siye mwenye kosa.