Merikebu Zilizokimbia Chuma

Katika Alfu Lela Ulela umo mlima mweusi wa sumaku uliosimama katikati ya bahari. Chombo kikiukaribia, misumari yake huchomoka na kuruka kuufuata mlima, na mbao zikatawanyika majini pamoja na mabaharia. Wapo walioamini kuwa ndiyo sababu watu wa Bahari ya Hindi walishona vyombo vyao kwa kamba. Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, aliikanusha habari hiyo: vyombo vya Warumi vilikuwa na chuma tele, na vikipita Bahari ya Shamu salama. Hoja yake ilisimama kwa karne nyingi, hadi binadamu alipoutengeneza mlima ule kwa mikono yake na kuuzamisha.

Mlima wenyewe, ukiondoa bahari, uko Arusha. Meru ni volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, iliyofuka mara ya mwisho mwaka 1910, na mawe yake, kama mawe mengi ya volkano, yana chembe za madini ya chuma yenye sumaku. Dira ikiwekwa juu ya jiwe la namna hiyo, sindano huweza kuyumba. Haumzamishi mtu, bali humfundisha. Bomu la sumaku la baharini ni sindano hiyohiyo iliyofungiwa baruti. Hulala sakafuni mwa bahari likisubiri. Meli ya chuma ikipita juu yake, sumaku ya dunia mahali pale huvurugika, nalo hulipuka.

Kuanzia Machi 1945 hadi vita vilipokwisha Agosti, ndege za Marekani zilidondosha mabomu ya baharini yapatayo 12,000, mengi ya sumaku, katika bandari na milango ya bahari ya Japani. Amani ikaja, mabomu yakabaki. Nchi ya visiwa isiyoweza kutia chombo majini imekabwa koo. Msomaji wa kisiwani hahitaji kuelezwa zaidi. Basi taifa ambalo baadaye liliongoza dunia kwa kuunda meli za chuma likaendelea, kwa kazi hii moja, kuunda za mbao.

Mataifa mengine nayo yalitumia mbao, lakini Waingereza walianza kuiacha mwaka 1973 walipoipokea Wilton, manowari ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Wajapani wakang'ang'ana. Mwaka 1979 iliingia kazini Hatsushima, ya kwanza katika kundi la merikebu 23 za pwani, nyingi zikiwa za tani 440 na urefu wa mita 55. Mbao zake zilifungwa kwa madini yasiyovutwa na sumaku, na injini zake hali kadhalika. Kazi yake ilikuwa kuburura nyuma waya wenye umeme uliojifanya meli kubwa, ili bomu lidanganyike na kulipuka mbali na watu. Au kulitafuta kwa sauti chini ya maji, kisha kupeleka chombo kidogo kisicho na mtu kulitegua.

Majina yake yanapendeza. Shima, au jima, ni kisiwa kwa Kijapani: Hatsushima, kisha Uwajima, Sugashima, Hirashima. Funguvisiwa zima la mbao.

Merikebu nne za kundi la Hatsushima zilikuja hadi bahari yetu. Tarehe 26 Aprili 1991, baada ya vita vya Kuwait, ziliondoka Japani pamoja na meli mbili kubwa za kuzihudumia, watu 511 kwa jumla. Zilivuka maji yaleyale ya kusi na kaskazi kwa muda wa mwezi mmoja, zikatia nanga Dubai, kisha zikaelekea kaskazini mwa Ghuba na kuondoa mabomu 34. Wote walirejea hai.

Ubao wa kazi hiyo hautoki kila msitu. Wanafunzi wa chuo cha misitu cha Olmotonyi, miteremkoni mwa Meru, wanalijua hilo: paini na saipresi zilizopandwa kuuzunguka mlima hukua upesi, zikafaa kwa mapaa na makabati ya Arusha. Merikebu hutaka mti wa miaka mingi, mrefu, wenye nyuzi zilizobanana na mafundo machache. Wajapani waliununua kutoka Amerika Kaskazini, na ukazidi kuadimika. Wakaadimika na mafundi. Kijana wa Yokohama hakuona sababu ya kujifunza kuchonga taruma kwa ajili ya merikebu moja au mbili kwa mwaka.

Mtepe wa Lamu ulikwenda vivyo hivyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Haukushindwa na bahari. Mikono iliyojua kushona ilipungua, na majahazi ya misumari yalikuwapo tayari. Mmoja uliundwa upya Zanzibar mwanzoni mwa karne hii, ukawekwa Beit al-Ajaib kutazamwa.

Plastiki hudumu zaidi kuliko ubao, na baharia aliye juu ya bomu hana haja ya tenzi za seremala. Takashima, ya mwisho katika kundi la Hirashima, ilipokewa mwaka 2010 ikiwa ya mbao. Iliyofuata, mwaka 2012, haina ubao katika kiunzi chake. Inaitwa Enoshima, nacho pia ni kisiwa.