Kabureta ya Gari la Parokia



Juma hili tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya chuma, petroli na fedha za sadaka. Wengi wenu mmeuliza kwa nini parokia inaendelea kulitengeneza Land Rover la zamani badala ya kuliuza, na kwa nini kubadilisha kabureta peke yake kumechukua majuma matatu. Maswali hayo ni ya haki, kwa kuwa gari ni lenu na fedha ni zenu.

Gari letu ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, lenye injini ya petroli ya lita 2.25 na kabureta ya Zenith. Kazi ya kabureta yaelezeka kwa urahisi. Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba. Hapo mwendo wake huongezeka na kanieneo yake hupungua, na upungufu huo ndio unaofyonza petroli kutoka kwenye kibakuli kupitia kitundu kiitwacho jeti. Injini ikipata takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito, huunguza vema. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na sadaka zenu hupotelea kwenye ekzosi. Hewa ikizidi, injini hupata joto, hukosa nguvu mlimani, na valvu zaweza kuungua.

Kabureta yetu ilikuwa imechoka kwa umri, si kwa kosa la aliyeiunda. Mhimili wa kipepeo ulikuwa umelika, hewa ikawa inaingia kwa wizi pembeni mwake. Masika yaliyopita, upande wa Kisarawe, gari liliishiwa nguvu likiwa limembeba mama mgonjwa aliyepaswa kufikishwa hospitali ya Tumbi, Kibaha. Alifika, Mungu ashukuriwe, lakini kwa pikipiki ya jirani, katika tope, huku bintiye akimshikilia kwa nyuma. Tangu siku hiyo halmashauri ya walei haikuliona tena jambo hili kuwa la ufundi tu.

Njia zilizokuwa mbele yetu zilikuwa nne.

Kwanza, kuikarabati kabureta ile ile: kusawazisha nyuso zake kwa msasa juu ya kioo, kisha kuweka oringi na gasketi mpya. Ni njia ya gharama ndogo, lakini haiponyi mhimili uliolika. Huo wahitaji fundi mchongaji atoboe mwili wa kabureta na kupachika bushi.

Pili, kununua iliyotumika. Tulipewa habari ya moja iliyotoka Iringa. Ila Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na wenye magari huko huweza kuweka jeti ndogo ili petroli isizidi. Kabureta ya namna hiyo ikishushwa Pwani, injini huona njaa ya petroli. Jeti hubadilishwa, ni kweli. Lakini mhimili wake nao ulikuwa mgonjwa kama wa kwetu.

Tatu, vijana walipendekeza kabureta kubwa ya makoo mawili, ili gari liwe na nguvu. Tuliwashukuru, tukawaeleza kwamba katika koo pana, injini ikizunguka polepole, hewa hupita kivivu wala haifyonzi petroli ipasavyo. Gari letu hukanyaga mchanga na tope kwa mwendo wa taratibu.

Nne, Weber 34 ICH, yenye koo moja, ambayo wenye Land Rover za aina hii katika nchi nyingi wameizoea badala ya Zenith. Hupunguza nguvu kidogo kwenye mwendo mkubwa, lakini hula mafuta kidogo. Hii ndiyo tuliyoichagua. Ugumu ulikuwa kuipata ya kweli, kwani tulionyeshwa pia za kuiga kwa bei ndogo sana. Kipepeo chao kikinata, na jeti hazina namba. Kununua ile ya kweli kulimaliza akiba ya miezi miwili. Hesabu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Fundi wetu, mzee Mwislamu wa Kibaha, hakukubali kuifungua ya zamani kabla ya kukagua plagi, pointi na taimingi. Alituambia, "Baba Paroko, usimfunge mtu kabla hujasikiliza mashahidi. Kabureta nyingi zimetupwa kwa kosa la moto." Kweli, nafasi ya pointi ilikuwa imeziba. Baada ya kuirekebisha, injini ilipata nafuu, lakini haikupona. Ndipo hukumu ikatolewa.

Alitoa waya wa betri, akakwangua gasketi ya zamani hadi chuma kikang'aa, akafunga bamba la kuunganishia, kisha akakaza nati kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, uso usipinde. Alihakikisha kuwa aksereta inarudi hadi mwisho na kwamba hakuna tone la petroli linalodondokea manifoldi yenye joto, maana hapo ndipo magari huungulia. Adhuhuri ilipofika alikwenda kuswali, nasi tukamngoja. Injini ilipopata joto, aliizungusha skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka mngurumo ukatulia.

Wapendwa, katika barabara ya Morogoro sasa malori yanatupita, lakini vilima vya Kisarawe tunavipanda. Hivi karibuni jumuiya zetu ndogo ndogo zitachagua viongozi. Tusitafute mwenye sauti kubwa kuliko kazi yenyewe. Wala tusimwondoe wa zamani kwa kosa ambalo hatujalichunguza.

Halmashauri imeamua kwamba gari halitauzwa kabla jingine halijapatikana, na kwamba mgonjwa atatangulia safari yoyote ya paroko. Mwenye mgonjwa abishe hodi, hata usiku.