Kikwembe cha sikukuu na gari jeupe la Detroit

Mwezi wa sita unapokaribia kwisha, soko letu linabadilika rangi. Vikwembe vya buluu, nyekundu na manjano vinatundikwa mbele ya maduka. Vingine vina ramani ya Kongo, vingine vimeandikwa miaka iliyopita tangu 30 Juni 1960. Wamotari wanafunga bendera ndogo kwenye pikipiki zao. Na katika kila kikundi cha wamama, swali ni lile lile: mwaka huu tutavaa nini?

Katika kikundi chetu cha MUSO swali hilo lilileta maneno mengi. Kikwembe cha sikukuu kiliuzwa dola 18. Kikwembe cha kawaida, cha pamba ile ile na urefu ule ule, kiliuzwa dola 12. Sisi tuko wamama 31, na wengi hawakuwa na pesa hiyo mkononi. Basi mmoja wetu akapendekeza kila mama akope katika kasha la kijani, lile la mikopo, kisha arudishe kidogo kidogo pamoja na faida. Mikono mingi ilinyoshwa. Wangu haukunyoshwa, na niliombwa nieleze sababu. Nilieleza kwa habari ya magari, na kwa kuwa wamama wa vikundi vingine wameniuliza habari hiyo, naiandika hapa.

Marekani ilitangaza uhuru wake tarehe 4 Julai 1776. Kwa hiyo mwaka 1976 ulikuwa wa miaka 200, na nchi nzima ilijiandaa kwa furaha. Wenye viwanda walijiandaa pia. Mwaka 1974, miaka miwili mbele ya sikukuu, kampuni ya Chevrolet ilitoa magari ya toleo maalum yaliyoitwa Spirit of America, yaani Roho ya Marekani. Yalikuwa ya aina tatu, Vega, Nova na Impala, aina ambazo watu walikuwa wakizinunua siku zote. Safari hii mengi yalipakwa rangi nyeupe, yakachorwa mistari myekundu na ya buluu, rangi za bendera yao. Ukifungua kapo, injini ilikuwa ile waliyoizoea.

Halafu ikaja Cadillac, gari la matajiri. Kampuni ilikuwa na gari kubwa lililoitwa Eldorado, lenye paa la kitambaa linalokunjwa nyuma. Magari ya namna hiyo yalikuwa yamepungua Marekani. Wanunuzi walikuwa wachache, na viwanda viliogopa kwamba serikali ingeweka sheria kali za usalama kwa gari linapopinduka. Basi kampuni ikatangaza kwamba mwaka 1976 ndio wa mwisho. Ilitengeneza kama 14,000 mwaka huo, na yale 200 ya mwisho kabisa yalifanywa sawasawa yote: rangi nyeupe, paa jeupe, viti vya ngozi nyeupe vyenye mshono mwekundu, na mistari myembamba myekundu na ya buluu juu ya kapo, kwa heshima ya miaka 200 ya taifa. Tarehe 21 Aprili 1976 la mwisho lilitoka kiwandani Detroit, mbele ya wapiga picha. Kampuni yenyewe ililiweka.

Bei ya duka ilikuwa kama dola 11,000. Lakini watu walikimbilia magari hayo, na wengine wakalipa zaidi sana, kwa sababu walihesabu hivi: hili ni la mwisho, ni la sikukuu, halitatengenezwa tena, basi litapanda bei kila mwaka. Wengine hawakuliendesha hata kidogo. Walilifungia ndani na kulifunika kama vile mama anavyofunga kikwembe kipya ndani ya sanduku.

Mwaka 1984 kampuni ile ile ilitoa tena Eldorado yenye paa la kukunjwa. Waliokuwa na yale ya 1976 walikasirika, na wengine wakaipeleka kampuni mahakamani, wakisema walidanganywa. Lakini neno «la mwisho» lilikuwa limekwisha kuuzwa. Aliyelisema ndiye aliyekuwa na kiwanda, na mwenye kiwanda anaweza kukifungua tena siku anayopenda.

Wamama walicheka nilipofika hapo, kisha wakanyamaza. Kila mmoja wetu anajua muuzaji anayesema, «Mama, chukua sasa, hivi ni vya mwisho.» Na kila mmoja amekuta vikwembe hivyo hivyo mwezi wa nane, vikiuzwa kwa bei ya chini, kwa sababu sikukuu imepita na hakuna anayetaka kuvaa hesabu ya miaka ya mwaka uliokwisha.

Nilichukua chaki. Tofauti ya bei ni dola 6 kwa kila mama. Mara 31, hiyo ni dola 186. Pesa hiyo hainunui pamba zaidi wala uzi wenye nguvu zaidi. Inanunua tarakimu iliyochapwa juu ya kitambaa. Na bei nzima, dola 18 mara 31, ni dola 558, ambayo ingetoka katika kasha la kijani mwishoni mwa mwezi wa sita. Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa. Kweli, tangu 2019 shule za msingi za serikali hazidai minerval, lakini sekondari inadai, na daftari, viatu na sare vinatafutwa kwa kila mtoto. Mimi nasimama mbele ya darasa mwezi huo. Naona nani amerudi na nani hakurudi, na ninajua kwamba kiti cha msichana ndicho kinachobaki kitupu kwanza. Mkopo wa kikwembe unaolipwa mwezi wa saba, wa nane na wa tisa unakutana na minerval njiani, na njia hiyo ni nyembamba.

Hapo mama mmoja, mjane anayeuza makala, alisimama. Alisema: «Mwalimu, wewe una diploma, unavaa vizuri kila siku ya kazi. Mimi nina siku moja tu katika mwaka ambapo mke wa chefu na mimi tunafanana. Siku hiyo unataka kuniondolea?»

Neno lake lilikuwa zito, na sikutaka kulipita haraka. Ni kweli, kuvaa namna moja kunatuinua. Tukitembea pamoja barabarani, hakuna anayeuliza nani anauza makala na nani anakaa ofisini. Taifa ni letu sote, na masikini ana haki ya kulifurahia. Lakini nilimuuliza, kwa heshima, kama usawa huo ulikuwapo mwaka uliopita. Yeye mwenyewe alijibu kwamba wamama saba walikosa kikwembe, na hao saba walitembea nyuma kabisa, mbali na wapiga picha. Toleo la sikukuu lilitutenga katika siku ile ile ambayo lilisemwa kutuunganisha.

Ndipo nikawaeleza kwamba kuna gari lingine la sikukuu, la namna nyingine. Marekani hiyo hiyo, kuanzia 1975 hadi mwisho wa 1976, treni iliyoitwa American Freedom Train, Treni ya Uhuru, ilizunguka nchi. Ilikuwa na mabehewa 26, ikavutwa na injini za mvuke, na ilipita katika majimbo yote 48 ya bara lao. Nayo pia ilipakwa rangi za bendera. Lakini ndani yake ilibeba vitu vya historia: katiba iliyokuwa mali ya George Washington, medali za mkimbiaji Jesse Owens, mimbari ya mchungaji Martin Luther King, na jiwe kutoka mwezini. Zaidi ya watu milioni 7 waliingia kuona.

Canada ilikuwa imefanya hivyo mwaka 1967, ilipotimiza miaka 100. Treni ya maonyesho ilikwenda mji kwa mji, na honi yake ilipiga sauti za kwanza za wimbo wao «O Canada». Kwa vijiji visivyo na reli, walituma misafara 8 ya malori makubwa yenye maonyesho hayo. Sisi tunaojua nchi isiyo na reli karibu, tunaelewa uzuri wa wazo hilo. Mtoto wa mbali hakuambiwa anunue sikukuu. Sikukuu ilimfuata hadi kwao.

Ndiyo tofauti ninayoiona. Kuna gari la sikukuu linalotaka tuliangalie, na kuna linalotubebea kitu. Ya kwanza inakwisha rangi yake inapochakaa. Ya pili inabaki kichwani mwa mtoto.

Kikundi chetu kiliamua hivi. Anayetaka kikwembe cha sikukuu atanunua kwa pesa yake, bila mkopo wa kasha, na hakuna atakayemsema. Lakini alama yetu ya pamoja itakuwa kitambaa cha kichwa, cha buluu chenye ukanda mwekundu na pindo za manjano, tulichokatiwa na mama mshonaji wa kikundi. Kila kimoja kilitugharimu chini ya dola 2, na hakina mwaka ulioandikwa, kwa hiyo kitavaliwa tena. Mjane wetu alipewa kubeba bendera mbele, na alikubali.

Na asubuhi ya 30 Juni, mbele ya kutembea, tulikaa na watoto chini ya mti. Wazee wawili waliokuwa vijana mwaka 1960 walisimulia walichokiona. Mimi niliwaonyesha bendera yetu: buluu ya amani, nyekundu ya damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, manjano ya utajiri wake, nyota ya siku zijazo. Watoto waliuliza maswali hadi jua likawa kali.

Kwa vikundi ambavyo bado vinajadili, nawaachia maswali matatu ya kuuliza mbele ya kununua kitu chochote cha sikukuu, kiwe kikwembe, kikombe au saa yenye bendera. Tukiondoa maandishi, kitu hiki kina thamani gani? Nani anasema ni cha mwisho, na anapata nini akisema hivyo? Na pesa hii ilikuwa inangojewa na nani nyumbani?

Mama akijibu hayo matatu na bado akanunua, avae kwa furaha. Kasha letu la kijani, hadi leo, linangoja mwezi wa tisa.