Upongoo wa Mwanangu

Nina deni la siku nyingi, nami nalitaja hapa. Nilimtuma mwanangu akaninunulie samaki, nikangoja hata nikachoka. Nikamkuta ufukoni Kilindoni, maji yamekupwa, anapiga vidaka kwa upongoo na kuvitia katika mashimo ya kaa. Nikauvunja upongoo ule gotini, mbele ya wenziwe. Hakulia, alinitazama tu.

Miaka ikapita. Ndipo niliposoma habari za Severiano Ballesteros wa Pedreña, kijiji cha pwani ya Hispania. Mtoto huyo wa mkulima alijifunza gofu ufukoni kwa fimbo moja tu. Mwaka 1978 alitwaa ubingwa wa Kenya Open, hapo Nairobi kwa jirani zetu. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 22, akashinda mashindano makuu ya Uingereza huko Royal Lytham: mapigo 283 kwa siku nne (katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi), akiwaacha Jack Nicklaus na Ben Crenshaw kwa mapigo matatu. Siku ya mwisho mpira wake uliangukia penye magari yaliyoegeshwa. Kutoka huko akautia shimoni kwa mapigo mawili.

Sidai kwamba mwanangu angekuwa Ballesteros. Samaki nao walitakiwa nyumbani.

Juzi alikuja kutoka Dar es Salaam pamoja na mjukuu wangu. Asubuhi nikachonga upongoo, nikampa mtoto. Baba yake akautazama, akaniuliza taratibu:

“Na huu utauvunja, baba?”

Nilikosa la kumjibu.