Mama Haibi Dizeli

Kasulu, Jumatano 14 Juni 2023
Vumbi la ujenzi wa barabara tangu asubuhi. Wanawake tumegawiwa kazi zilezile: kibendera, jiko, ufagio, stoo. Stoo anapewa mwanamke kwa sababu, kwa maneno ya nyapara, "mama haibi dizeli". Sifa hiyo naichukia kuliko tusi, maana ndiyo inayotufungia humo ndani. Greda na rola ni za wanaume, eti zinataka nguvu. Nimemtazama dereva wa rola kutwa: kakaa, mkono kwenye usukani, anasinzia.

Alhamisi 22 Juni
Madamu wa maabara, yule Mchina, alikuja kupima ushindiliaji. Alichimba kishimo cha duara, akakusanya udongo wake wote kwenye mfuko, akamimina mchanga mkavu kukijaza, akapima uzito, akapiga hesabu. Haitoshi, rola irudi. Vijana wakacheka. Rola ikarudi.

Mchana walikuja wakaguzi. Bosi akamtuma madamu chai! Injinia mwenye shahada. Maswali kuhusu tabaka la udongo alilolikataa yeye yakajibiwa na wanaume ambao hata mchanga hawakuugusa.

Jumapili 25 Juni
Nimemsindikiza madamu sokoni. Kiswahili chake ni cha kuokoteza barabarani, ila tunaelewana. Kwao, kwenye usaili, aliulizwa ataolewa lini na atazaa lini. Serikali ya China ilikataza maswali hayo mwaka 2019, sasa wanauliza kwa kuzunguka. Tangu familia ziruhusiwe mtoto wa pili mwaka 2016, na wa tatu 2021, mwajiri akimwona msichana anahesabu likizo. Kiwandani, mwaka huu wa 2023, mwanamke anastaafu na miaka 50, mwanaume 60. Na wanawake hao ndio walioambiwa na Mao kwamba wanashikilia nusu ya mbingu.

Nami nikamwambia: huku Buha mwanamke analima, anateka maji, anabeba kuni na mtoto mgongoni, na hakuna anayesema hana nguvu. Nguvu zinatuishia penye mshahara tu.

Jumatatu 3 Julai
Nimeomba kujifunza rola. Nyapara: "Dada, ukishika mimba nani ataendesha?"

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia au ujauzito. Likizo ya uzazi ni siku 84. Kijana aliyekuwa na rola ile kabla ya huyu wa sasa alikimbilia dhahabu Geita bila kuaga, mashine ikalala. Sijasikia mtu akisema wanaume wasipewe tena.