Kalamu na Karamu

Kamuli ilihesabiwa Karagwe hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipofanywa wilaya. Mpaka ulikata ramani, lugha haukuikata: huku na huko Kirunyambo ndicho kinachonyonywa pamoja na maziwa ya mama. Na katika Kirunyambo, r na l hazitenganishi maana kama zifanyavyo katika Kiswahili. Mtoto akiulizwa alichoshika huenda akajibu "karamu", darasa likaangua kicheko, naye asijue kilichochekesha. Mwalimu akilikariri neno mara kumi, sikio la mtoto hupokea lile lile.

Hapo ndipo kinasa sauti kinapofaa. Mwalimu akiinasa kwa simu yake sauti ya mtoto, kisha yake mwenyewe, akazipiga zikifuatana, mtoto husikia nje ya kinywa chake kile kisichosikika ndani. Picha huongeza: ncha ya ulimi iliyotulia ufizini kwa l, inayogonga na kuachia kwa r.

Msomaji atasema redio ilikwisha kufundisha. Naam; mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Lakini redio, pamoja na ufasaha wake wote, ni kiziwi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia 1963, ilijaribiwa njia nyingine: anayesomea ualimu afundishe somo la dakika chache, anaswe kwa video, ajitazame, ashauriwe, kisha alirudie. Aliyetangulia mbele ya kioo hicho alikuwa mwalimu, si mtoto; jambo ambalo wanaoshangilia vyombo hawapendi kulikumbuka.

Maana kicheko hupita, kinasa hakisahau. Sauti ya mtoto ikipigwa mbele ya wenzake, aibu ya dakika moja hupata uhai wa kurudiwa, na kwa simu za siku hizi huweza kumtangulia hadi gulioni. Heri aisikie kwanza kando, yeye na mwalimu wake, na akitaka ifutwe.

Wala matamshi yake yasiitwe ugonjwa. Kwa bibi yake ndiyo sahihi, na Josephat Rugemalira amekiandikia Kirunyambo msamiati na sarufi, kama lugha yoyote yenye heshima zake. Basi mtoto na amnase bibi akisimulia, ailete sauti hiyo darasani, na mwalimu aliyetoka pwani ajaribu kuyatamka maneno yale mbele ya wanafunzi wake. Naye anaswe.